Kiti cha Kushoto

Maalim alistaafu mwishoni mwa mwaka 2020, baada ya miaka 35 ya kufundisha Kiswahili katika skuli za Unguja. Kiinua mgongo chake alikigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilimalizia paa la nyumba ya Bububu. La pili liliwekwa kwa ajili ya Hija, ambayo yeye na mkewe walikuwa wameinuia tangu ujana wao. La tatu alilinunulia gari.

Wenzake walimshangaa kwa hilo la tatu. Magari mengi ya Visiwani ni yale yaliyokwishatumika Japani, yanayoteremshwa bandarini yakiwa na umri wa miaka kumi au zaidi, na mafundi wa mitaani wanayajua kama mtu ajuavyo vidole vyake. Maalim alitaka gari jipya. "Nimechoka kurithi maradhi ya watu," aliwaambia barazani. Januari 2021 akavuka kwenda Dar es Salaam, akalipa, akapewa funguo mbili na kijitabu kilichopigwa muhuri. Ukweli ni kwamba kijitabu kile ndicho alichokinunua hasa. Kiliandikwa ndani yake dhamana ya miaka mitatu au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia.

Dhamana ni neno zito. Mtu akishikwa na polisi, ndugu yake huenda akamwekea dhamana, na siku ile ya kesi mshitakiwa asipotokea, ni huyo ndugu atakayeulizwa. Mkopaji asiyejulikana hutafutiwa mdhamini, na deni lisipolipwa mlango unaogongwa ni wa mdhamini. Daima nyuma ya neno hilo husimama mtu mwenye jina na uso. Maalim alilisoma neno lile kwenye kijitabu akaliamini kwa maana hiyo ya kale. Hakuzingatia kwamba safari hii aliyesimama nyuma ya neno ni muhuri tu.

Aliporudi alifungua daftari. Hiyo ilikuwa ni tabia yake ya kazi: mtu aliyeita majina ya watoto kila asubuhi kwa miaka 35 hawezi kuishi bila ya daftari la mahudhurio. Aliandika tarehe, kilomita, mafuta aliyotia, safari aliyokwenda, na jambo lolote lililotokea njiani. Mkewe alimcheka. "Hata gari sasa litaitwa jina?"

Walikuwa na safari mbili za kila wiki. Ijumaa jioni walikwenda Mahonda kumtazama dada yake Bibi, na Jumapili asubuhi walipanda Kijichi kwenye kishamba chao cha minazi na mikarafuu michache. Maalim aliendesha kwa utaratibu, mikono miwili juu ya usukani, na Bibi alikaa kiti cha kushoto, mkoba wake mapajani.

Mwezi Mei, gari likiwa limekwenda kilomita 5,200, walipokuwa wakirudi kutoka Mahonda Bibi alivuta pumzi kidogo kisha akasema, "Maalim, nanusa kitu kinaungua."

"Watu wanachoma majani," Maalim alijibu.

Usiku ule, akijaza daftari lake, aliandika: Bibi anasema ananusa harufu ya kuungua. Aliandika kwa kuwa aliandika kila kitu. Hakuandika kwa kuamini.

Wiki mbili baadaye usukani ulianza kutetemeka kila alipokanyaga breki akiwa katika mwendo. Mtetemo ulikuwa mdogo, mfano wa mkono wa mzee unaoshika kikombe kilichojaa. Juni alilipakia gari kwenye meli akavuka nalo. Huko gereji ya wakala alipokewa vizuri, akapewa kiti na chai. Kijana mmoja alichomeka kompyuta, akatazama kioo chake, akasema haioneshi kasoro yoyote. Kisha wakafungua magurudumu, wakakuta pedi za breki zimekwisha, wakaweka mpya. Maalim alitoa kijitabu chake. Wakamwonesha ukurasa wa nne, kwa maandishi madogo: pedi za breki, kama matairi na vifutio vya kioo, ni vitu vya kuchakaa kwa matumizi, havimo katika dhamana.

"Kwa kilomita 6,000?" aliuliza.

"Inategemea uendeshaji, mzee," kijana alimjibu kwa adabu.

Maneno hayo yalimkaa Maalim moyoni muda mrefu. Kwao yeye ni Maalim. Ng'ambo alikuwa mzee tu, tena mzee asiyejua kukanyaga breki. Alilipa. Fedha za pedi na za meli alizichota kwenye fungu la Hija, akijiambia kwamba atazirudisha.

Mtetemo ulitoweka kwa miezi miwili, kisha ukarudi. Septemba akavuka tena, gari likiwa na kilomita 10,000 na kidogo. Fundi alikuwa mwengine, maelezo yakawa yale yale. Kompyuta haikuona kitu, pedi zilikuwa zimekwisha, pedi mpya zikawekwa, na risiti ikaandikwa kwamba zimechakaa kwa matumizi. Zile kuukuu zilitupwa kabla hajaziona.

Hapo Maalim akaanza kujishuku. Alianza kukanyaga breki kwa woga, akiiwahi mapema mno, na madereva wa daladala wakimpigia honi nyuma. Alijiuliza kama kweli mguu wake umekuwa mzito, kama uzee umeingia miguuni kabla ya kuingia machoni. Mtu akiambiwa mara mbili na wenye ujuzi kwamba hakuna kasoro, hufika pahala akaitafuta kasoro ndani ya nafsi yake. Na Bibi alipomwambia tena, njia ya Mahonda, "Ile harufu imerudi," alimjibu kwa ukali ambao hakuuzoea: "Mafundi wamelifungua gari lote, wewe utaijuaje harufu ya breki?"

Usiku aliandika daftarini: Bibi, harufu, tena.

Jumapili moja ya Novemba 2021 walikuwa wakiteremka kutoka Kijichi. Nyuma mlikuwa na magunia mawili ya nazi. Walipokaribia makazi ya Bububu, watoto waliotoka chuoni walitokea njiani, juzuu zao vifuani, wakavuka kwa mkupuo mmoja kama kuku waliofukuzwa. Maalim alikanyaga breki. Pedali ikazama. Haikukaza, ilikwenda chini laini, kama mguu uliotumbukia kwenye tope. Akaikanyaga tena, na tena, akavuta breki ya mkono, na gari likaserereka upande, likasimama. Mtoto wa mwisho, msichana mwenye mtandio mweupe, alikuwa mbele ya boneti kwa hatua moja. Aliwatazama, akaokota ndala yake iliyomvuka, akakimbia.

Hawakusema kitu. Bibi alifungua mlango, akashuka, akaenda kwa miguu mpaka nyumbani. Jioni, alipokwisha kusali, alisema maneno machache tu.

"Mimi sipandi tena, Maalim."

Na hakupanda. Kwenda Mahonda alipanda daladala, yeye na mkoba wake, na mjini alikwenda kwa ile ya 502. Maalim alimfuata nyuma kwa gari tupu Ijumaa ya kwanza. Ya pili akaona haya, akabaki nyumbani. Jirani walianza kuuliza kulikoni. Nyumba haikuwa na ugomvi. Chai ilipikwa, salamu zilitolewa, lakini kile kiti cha kushoto kilikuwa wazi, na uwazi wake ulimsema Maalim kuliko maneno.

Alivuka mara ya tatu. Aliwaeleza habari ya pedali kuzama na ya mtoto. Wakalijaribu gari kwa kuzunguka mtaa mmoja, asubuhi, chuma kikiwa baridi, likasimama vizuri. Wakatia pedi mpya, wakamwandikia risiti. "Hatukuona tatizo ulilolisema, mzee." Zanzibar ina sheria ya mwaka 2018 ya kumlinda mtumiaji, na Bara ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Maalim alizijua zote mbili. Lakini gari lilinunuliwa ng'ambo ya bahari na kasoro hujitokeza ng'ambo hii, na alijua pia kwamba atakapofika mbele ya ofisi yoyote ataulizwa swali moja: una ushahidi gani? Ushahidi wake ulikuwa ni risiti tatu zinazosema kwamba hakuna kasoro.

Aliyemtoa gizani ni fundi mmoja wa Mwanakwerekwe aliyekuwa mwanafunzi wake zamani. Kijana huyo, ambaye sasa ana mvi, alikataa kugusa hata nati moja. "Maalim, mimi nikifungua gurudumu hili, watakwambia dhamana imekufa. Lakini macho na pua hazivunji muhuri." Alimtaka aliendeshe gari mpaka Tunguu na kurudi, bila ya kukanyaga breki ila kwa lazima. Aliporudi, fundi alipita akikaribisha kiganja chake mbele ya kila gurudumu bila ya kuligusa. Matatu yalikuwa na uvuguvugu. Mbele ya gurudumu la mbele la kushoto aliurudisha mkono upesi. Akachungulia kwa tochi baina ya mikono ya ringi, akamwita Maalim achungulie naye. Diski ya upande ule ilikuwa na rangi ya samawati iliyoungua, na pedi moja ilikuwa nyembamba kuliko mwenziwe, ingawa zote mbili zilikuwa na umri wa wiki chache.

Kisha akamweleza, akitumia viganja vyake viwili. Breki ya mbele ni mkono unaobana sahani. Sahani ni diski inayozunguka na gurudumu. Mkono ni kalipa, na viganja vyake ni pedi mbili, ya ndani na ya nje. Mguu ukikanyaga, mafuta ya breki husukuma pistoni, pistoni husukuma pedi moja, na kalipa nzima huteleza juu ya pini zake mbili ili pedi ya pili nayo ibane. Mguu ukiondoka, kalipa huteleza na viganja huachia. Pini hizo hukaa ndani ya grisi, zimevishwa mipira midogo. Mpira mmoja ukiwa na mpasuko, hata kama ulipasuka siku ya kuundwa, hewa ya pwani huingia. Chumvi na unyevu huila pini, pini hukwama, na mkono ukishabana hauachii tena. Pedi hulika kwa siku chache. Diski hupata joto lisilo sawa, na usukani hutetemeka. Kompyuta haioni lolote, kwa kuwa hakuna waya unaokwenda kwenye pini.

"Na pedali kuzama?" Maalim aliuliza.

"Hayo ni mafuta kuchemka." Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230, lakini yakishaingiwa na unyevu kiwango chake hushuka kuelekea 155. Yakichemka hutoa mapovu, na povu hubonyea. Mguu hubana hewa badala ya kubana chuma. Chuma kikipoa, mapovu hutoweka, breki hurudi. Ndiyo maana asubuhi gari lilisimama vizuri.

"Wewe daftari lako lipo, Maalim?" fundi aliuliza. "Lisome kama ulivyotufundisha kulisoma shairi."

Maalim alikaa nalo usiku kucha. Kwa miaka 35 alikuwa amewafundisha watoto wa watu kwamba mstari unaorudi mwisho wa kila ubeti haurudi kwa bahati. Kibwagizo ndicho kilichobeba kiini cha shairi, na asiyekisikiliza kibwagizo huenda akahesabu mizani zote 16 za kila mstari asijue shairi linasema nini. Sasa aliona kwenye daftari lake mwenyewe mstari uliorudi. Kabla ya kila mtetemo, wiki moja au mbili kabla, palikuwa na maneno yale yale: Bibi anasema ananusa harufu. Mei. Agosti. Oktoba. Novemba, siku mbili kabla ya mtoto mwenye mtandio mweupe. Mara nne alizoziandika, na alijua kwamba nyengine hakuziandika.

Februari 2022 alivuka mara ya nne. Alikataa kiti na chai, akaomba kumwona msimamizi wa gereji. Akaja mtu wa makamo mwenye ovaroli safi, kalamu sikioni. Maalim hakupiga kelele. Aliweka mezani karatasi moja aliyoinakili kwa mwandiko wake wa ubaoni: tarehe, kilomita, safari, dalili. Msimamizi alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha kidole kikasimama.

"Huyu Bibi anayenusa ni nani?"

"Mke wangu."

"Hukaa wapi ndani ya gari?"

"Mbele. Kushoto."

Msimamizi alimtazama. "Wewe mwenyewe uliwahi kuinusa?"

Maalim alifikiri. Akasema kweli: hakuwahi, hata mara moja. Yeye huendesha kioo chake kikiwa wazi, upepo ukimpiga usoni kutoka kulia.

"Basi mkeo kakaa juu ya gurudumu bovu mwaka mzima," alisema msimamizi, "na amelisema kila mara. Nani alimwuliza?"

Swali lile halikuwa na ukali ndani yake, lakini Maalim aliinamisha kichwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo aliifundisha kwa miaka, akiieleza kwa mifano ya wafalme na mafakiri, asijue kwamba siku moja itamhusu yeye na kiti kilichokuwa shibri moja kutoka begani kwake. Aliwalaumu watu wa gereji kwa kutoliamini neno lake kwa sababu kompyuta haikuliunga mkono. Na yeye je? Hakulitupa neno la mkewe kwa sababu watu wa gereji hawakuliunga mkono? Yale yale aliyotendewa ng'ambo, aliyatenda nyumbani, tena kwa mtu aliyekuwa hana kijitabu wala muhuri wa kudai haki yake.

Msimamizi aliliendesha gari mwenyewe, safari ndefu, mchana wa jua kali. Aliporudi waliliinua, wakafungua lile gurudumu, na Maalim akaitwa aone. Mpira wa pini ya chini ulikuwa na mpasuko wa urefu wa punje ya mchele. Pini ilipotolewa kwa koleo na nyundo ilikuwa nyekundu kwa kutu.

Kalipa ilibadilishwa, na diski zote mbili za mbele, na pedi, na mafuta yakamwagwa na kutiwa mapya. Safari hii hakulipa kitu, kwani kalipa imo katika dhamana. Msimamizi aliandika barua fupi kuwa pedi za nyuma zililika kwa kosa la chombo na si kwa uendeshaji, na baada ya miezi miwili fedha za pedi zilirejeshwa. Za meli hazikurejeshwa. Kilichopatikana kilirudi kwenye fungu la Hija siku ile ile. Maalim alimwomba msimamizi jina lake, akaliandika pembezoni mwa kijitabu, chini ya muhuri. Hapo ndipo dhamana ile ilipopata mtu wa kusimama nyuma yake.

Nyumbani Bibi alikuwa akichambua mchele ukumbini. Maalim alikaa mkekani, jambo ambalo hakulifanya kila siku kwa sababu ya magoti yake.

"Limepona?" Bibi aliuliza, bila ya kuinua macho.

"Limepona. Lilikuwa gurudumu la upande wako."

Vidole vya Bibi viliendelea kuchambua.

"Aliniuliza, nani aliyenusa."

"Ukamwambia nani?"

"Nikamwambia wewe. Akaniuliza kwa nini hukusikilizwa." Alinyamaza kidogo. "Nisamehe, mke wangu. Ulinambia tangu Mei."

Bibi alipepeta ungo wake mara mbili, akapuliza makapi. "Tangu Aprili," alisema. "Ile ya Aprili hukuiandika."

Ijumaa iliyofuata hakupanda, na Maalim hakumwomba. Ijumaa ya pili alitoka na buibui lake na mkoba, akasimama kando ya gari, akafungua mlango wa kushoto, akakaa. Maalim alishikilia ufunguo asiuzungushe.

"Unangoja nini?" Bibi aliuliza.

"Nakungoja wewe."

Bibi alivuta pumzi, ndefu, kisha akaufunga mkanda. "Twende. Lakini ufunge kioo chako."

Dhamana ya kijitabu ilimalizika Januari 2024, gari likiwa halijafika hata nusu ya kilomita zake. Daftari halikumalizika, limehama tu. Sasa hukaa kwenye kisanduku kilicho mbele ya kiti cha kushoto, kalamu ikiwa ndani yake, na mwandiko wa kurasa za karibuni si ule wa ubaoni. Ni mwandiko mdogo, ulioinama kidogo, wa mtu anayeandika gari likiwa katika mwendo. Ukurasa wa Julai 2025 una mstari mmoja: Mahonda kwenda na kurudi, kilomita 54,300, hakuna harufu.